Mkataba wa TAZARA Uwekwe Mezani: Barua ya Wazi kwa Mawaziri wa Uchukuzi wa Tanzania na Zambia

Waheshimiwa Mawaziri,

Salaam za heshima kutoka Tunduma.

Nawaandikia kwa ajili ya karatasi moja tu. Tarehe 29 Septemba 2025, mjini Lusaka, serikali zetu mbili zilitia saini mkataba wa kuikabidhi reli ya TAZARA kwa kampuni ya Kichina ya CCECC kwa miaka 30: mitatu ya ukarabati, 27 ya uendeshaji. Tumetajiwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4, vichwa vya treni 32 na mabehewa 762. Novemba mwaka huohuo Waziri Mkuu wa China, Li Qiang, akafika Zambia kwenye uzinduzi wa kazi. Picha tumeziona na hotuba tumezisikia. Mkataba wenyewe sijauona. Nimeuulizia kwa waandishi wa habari, kwa watu wa siasa, kwa watu wa reli ninaowafahamu, na kila mmoja ananisimulia alichosikia kwa mwenzake. Ombi langu ni kwamba mkataba huo uwekwe hadharani, wote, pamoja na viambatisho vyake. Nasema viambatisho makusudi, kwa sababu mtu yeyote aliyefanya kazi ya forodha anajua kwamba mambo mazito hayakai ukurasa wa kwanza.

Mimi ni wakala wa forodha hapa mpakani. Riziki yangu ni makaratasi ya malori: shaba na kobalti zinazotoka Kolwezi na Likasi kule Congo, zikapita Kasumbalesa, zikakatiza Zambia nzima, zikafika Nakonde, zikavuka kuja kwetu kuelekea bandari ya Dar es Salaam, na kurudi huko, salfa, mafuta, mitambo na magari. Reli ikifufuka kweli, sehemu ya mzigo huo itapanda behewa na haitasimama tena mbele ya dirisha langu. Nayasema haya mapema ili msije mkaambiwa kwamba nimejificha nyuma ya uzalendo kutetea tumbo. Tumbo lipo. Lakini nimeona vilevile malori yaliyolala ubavu kwenye mteremko wa Iwambi na kwenye kona za Kitonga, na barabara inayolimwa na matairi kila msimu wa mvua, na nakubali kwamba mzigo mzito wa safari ndefu ni wa reli. Naitaka reli. Nataka pia kujua tumeitoa kwa masharti gani.

Wala siandiki kwa chuki dhidi ya Wachina. Deni la shukrani kwao lipo na silikatai. Zambia ilipata uhuru Oktoba 1964. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, wakajitangazia uhuru wao, na shaba ya Zambia ikajikuta inapita mikononi mwa watu walioichukia serikali ya nchi ilikochimbwa. Mwalimu Nyerere na Mzee Kaunda wakabisha hodi nchi za Magharibi. Benki ya Dunia ilikuwa imekwishasema mwaka 1964 kwamba reli hiyo haitalipa, afadhali barabara. Waingereza na Wakanada wakaja kupima, wakasema inawezekana, ila fedha hazikuonekana. China, ambayo wakati huo ilikuwa maskini kama sisi, ikasaini Septemba 1967: mkopo wa yuani milioni 988, bila riba. Kazi ikaanza 1970, reli ikakamilika 1975, ikakabidhiwa Julai 1976. Kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam mpaka New Kapiri Mposhi, pamoja na ile sehemu ya Mlimba mpaka Makambako ambako walitoboa milima handaki baada ya handaki. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi hiyo, na makaburi yao yapo Gongo la Mboto kwa anayetaka kuyaona.

Wamarekani nao hawakukaa kutazama. Walipoona Peking, Beijing ya leo, inajenga reli, wakatoa fedha za barabara kuu ya Tanzania na Zambia kwa upande wetu, hiihii ninayoitegemea leo. Waitaliano walikuwa wameshalaza bomba la mafuta la TAZAMA mwaka 1968. Hivyo barabara na reli zinazofuatana kutoka Makambako mpaka hapa Tunduma ni watoto wa ugomvi mmoja wa wakubwa, na sisi tukalelewa nazo zote mbili.

China haikutoa sadaka hata wakati ule. Ilihitaji marafiki, na marafiki iliwapata. Tarehe 25 Oktoba 1971, Umoja wa Mataifa ulipopiga kura 76 kwa 35 kuipa Peking kiti kilichokuwa kimekaliwa na Taiwan, balozi wetu Salim Ahmed Salim, kijana wa miaka 29, alikuwa mstari wa mbele, na wajumbe wa Tanzania walicheza ukumbini kwa furaha. Washington haikusahau. Miaka kumi baadaye Salim alipogombea Ukatibu Mkuu wa Umoja huo, Marekani ilimpigia kura ya turufu raundi baada ya raundi, na China nayo ikamzuia Kurt Waldheim, Katibu Mkuu aliyekuwa madarakani, mara 16, mpaka kiti kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Najua nimetoka kidogo kwenye reli. Lakini vijana wanaoniambia kwamba ushindani huu wa Marekani na China umeanza na kobalti ya simu na betri inafaa wajue kwamba tulishawahi kuulipia, tena kwa mtu wetu.

Sasa jambo ambalo hotuba za uzinduzi hupenda kuliruka: TAZARA ilikufaje? Si kwa kukosa mataruma. Ilijengwa kwa sababu kusini kulifungwa, na kusini kulipofunguka, ubaguzi wa rangi ulipoanguka Afrika Kusini, shaba ikaanza kuchagua njia. Migodi ya Zambia ikauzwa kwa watu binafsi, na mwenye mgodi binafsi hana sababu ya kupeleka mzigo kwenye reli ya serikali kwa mapenzi. Malori yakaingia. Kila behewa lilipoharibika tukakopa tena kwa Wachina, itifaki juu ya itifaki, kununua vipuri. Mwaka wa fedha 2014/15 reli iliyobuniwa kubeba mamilioni ya tani ilibeba chini ya tani 100,000. Wafanyakazi walikaa miezi bila mshahara, wakagoma, wakarudi kazini, wakagoma tena. Reli inakufa mzigo unapopata njia nyingine, na ndiyo maana siwezi kuzungumzia mkataba wa Lusaka bila kuzungumzia Lobito.

Lobito ni bandari ya Angola, bahari ya Atlantiki. Kutoka hapo reli ya Benguela inakwenda kama kilomita 1,300 mpaka Luau, mpakani na Congo, kisha inaungana na reli ya Congo kuelekea Kolwezi. Vita vya Angola viliifunga mwaka 1975. UNITA, kundi la waasi la Jonas Savimbi, iliyokuwa ikipata silaha kutoka Marekani na kwa makaburu wa Afrika Kusini, iliishambulia miaka nenda rudi. Vita vilipokwisha, walioijenga upya ni Wachina, kampuni ya CR20, kwa takribani dola bilioni 1.8, ikazinduliwa mwaka 2015. Mwaka 2022 Angola ikatangaza kuipa kampuni nyingine haki ya kuiendesha kwa miaka 30. Wachina waliomba, wakashindwa. Walioshinda ni Trafigura inayofanya biashara ya mafuta na madini, Mota-Engil ya Ureno na Vecturis ya Ubelgiji. Marekani ikaahidi mkopo wa dola milioni 553, na Desemba 2024 Rais Joe Biden akaenda Angola mwenyewe kuusifu mradi. Mezani alikuwapo João Lourenço, alikuwapo Félix Tshisekedi, alikuwapo Hakainde Hichilema, na alikuwapo Makamu wa Rais wetu wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango.

Watu wanapenda kuuita mchezo huu vita vya tembo na kutuambia sisi ni nyasi. Mimi nimechoka na methali hiyo, kwa sababu nikitazama makaratasi siwaoni tembo wakipigana. Nawaona wakiuziana. Mota-Engil, inayoendesha reli ya Lobito kwa mkopo wa Marekani, karibu theluthi ya hisa zake ni mali ya CCCC, shirika la serikali ya China. Mgodi wa Tenke Fungurume, mmoja wa migodi mikubwa ya kobalti duniani, ulikuwa wa Freeport-McMoRan ya Marekani mpaka mwaka 2016, ilipouuzia CMOC ya China hisa zake kwa dola bilioni 2.65, miaka minne baadaye ikawauzia na mradi wa madini wa Kisanfu kwa dola milioni 550. Hakuna aliyelazimishwa. Wakati huo Washington haikuona tatizo, na leo inatuma marais kuja kutueleza hatari ya Wachina kushika madini. Kamoa-Kakula, mgodi uliotangulia kupitisha shaba yake Lobito kwa majaribio, wabia wake wakubwa ni Ivanhoe ya Canada na Zijin ya China, kila mmoja hisa sawa. Ukikaa Tunduma ukasoma majina yaliyoandikwa kwenye ankara, huwezi kujua kambi ipi inaanzia wapi.

Ndiyo maana nasema kinachotulinda hapa ni kujua tulichosaini. Hatuna manowari. Hatuna viwanda vya kusafishia kobalti. Lakini kwa mara ya kwanza tangu enzi za Kaunda, wakubwa wawili wanaitaka njia ya kutoka kwenye ardhi ileile ya shaba, na mmoja akikaza masharti mwingine yupo. Nafasi hiyo ina thamani ikiwa masharti yanaonekana. Yakiwa siri, kila mmoja wao anajua alichopewa na sisi tu ndio hatujui.

Mheshimiwa Waziri wa Zambia, niruhusu nikuguse kwa heshima. Septemba 2024, tarehe 4, Rais Hichilema alikuwa Beijing pamoja na Rais Samia Suluhu Hassan, mbele ya Rais Xi Jinping, wakishuhudia kusainiwa kwa makubaliano ya awali ya TAZARA kwenye Jukwaa la Ushirikiano wa China na Afrika. Mwezi huohuo, pembezoni mwa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, serikali yako ikasaini na Angola na Shirika la Fedha la Afrika, AFC, makubaliano ya reli mpya ya kama kilomita 800 kuiunganisha Zambia na Lobito. Sikulaumu hata kidogo. Nchi isiyo na bahari ikipata milango miwili, na ifungue yote. Zambia ilishindwa kulipa madeni yake Novemba 2020, ikasota hadi Juni 2023 kupata makubaliano na serikali zilizoikopesha, China ikiwa ya kwanza kwa ukubwa wa deni, kwa hiyo inajua uchungu wa kumtegemea mmoja. Ila wewe ni mmiliki wa nusu ya TAZARA, na papo hapo ni mshirika wa reli itakayoshindana nayo. Mmiliki wa nusu nyingine, yaani sisi, anataka kujua: je, kuna kifungu kinachomhakikishia CCECC kiasi fulani cha mzigo kwa mwaka? Na kama kipo, mzigo ukienda magharibi, nani anafidia?

Hili ndilo swali linaloninyima usingizi, na sikulitunga. Nimelichukua Mombasa.

Kenya ilisaini mikopo ya SGR, reli yake ya kisasa, na Benki ya Exim ya China Mei 2014. Treni ikaanza 2017. Kwa miaka mingi mikataba ilikuwa siri. Wakenya walikwenda mpaka mahakamani, na Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru itolewe. Novemba mwaka huo waziri mpya wa uchukuzi, Kipchumba Murkomen, akatoa sehemu yake. Ndipo ikaonekana kwamba mkopo mmoja wa dola bilioni 1.6 ulikuwa na riba ya soko, yaani Libor, kiwango cha riba cha mabenki ya London, pamoja na asilimia 3.6, kwamba sheria inayoutawala ni ya China, kwamba ugomvi unasuluhishwa Beijing, na kwamba kuyatoa makaratasi hayo kulihitaji ridhaa ya mkopeshaji. Lakini kilichowaumiza watu wa kawaida ni kitu kingine. Mamlaka ya bandari ilikuwa imejifunga kwa shirika la reli kuhakikisha kiwango cha mzigo, upite usipite ulipiwe. Mzigo usipotosha kwa hiari, ukalazimishwa. Kontena za kwenda Nairobi zikaamriwa kupanda treni. Madereva wa malori wa Mombasa wakakaa nyumbani, wenye vyumba na vibanda vya chakula kando ya barabara kuu wakafunga, na watu wakaandamana wiki kwa wiki wasijue kwamba wanapambana na kifungu. Amri iliondolewa Septemba 2022, Rais William Ruto alipoingia madarakani. Wakati huo waliofilisika walikuwa wamekwishafilisika.

Hebu sasa mfikirie Tunduma. Mji huu wote ni lori. Mama anayeuza wali pale kituo cha magari, fundi wa matairi, kijana anayebadilisha kwacha, wenye nyumba za kulala wageni, sisi mawakala. Nakonde ng'ambo ni hivyohivyo. Kama mzigo utahamia reli kwa sababu reli ni rahisi na ya uhakika, hiyo ni biashara, tutajipanga, wengine tutahamia Mbeya kufungua ofisi karibu na stesheni. Kama utahamishwa kwa amri kwa sababu mahali fulani kwenye kiambatisho tuliahidi tani kadhaa kwa mwaka, hilo tunastahili kulijua leo tukiwa bado na muda wa kulipa mikopo ya malori.

Mtaniambia: mkataba huu si kama wa Kenya, huu si mkopo, ni uwekezaji, mwekezaji anajirudishia mwenyewe. Nimelisikia hilo na nalipenda, kama ndivyo lilivyoandikwa. Uwekezaji wa aina hiyo ndio hasa wenye vifungu vya kuhakikishiwa mapato, kwa sababu hakuna kampuni, ya China wala ya mbinguni, inayoweka dola bilioni 1.4 mahali pa mashaka bila kujikinga. Kujikinga ni haki yake. Sisi tunauliza ni nani amewekwa kuwa ngao.

Jambo la pili linalonisumbua ni la ramani. TAZARA inaishia Kapiri Mposhi, na shaba haipo Kapiri Mposhi. Kutoka hapo kwenda Ndola, Kitwe na mpaka wa Sakania ni njia ya Zambia Railways, ambayo hali yake Waziri wa Zambia anaijua kuliko mimi. Je, dola bilioni 1.4 zinaishia pale geti la stesheni? Kama zinaishia pale, malori yataendelea kutoka Kolwezi mpaka Kapiri, mzigo ushushwe, upandishwe behewa, na mwenye mgodi atapiga hesabu ya siku na gharama ya kushusha na kupandisha, kisha atabaki na lori lake moja kwa moja mpaka Dar. Au atatazama magharibi. Kutoka Kolwezi mpaka Lobito ni kama kilomita 1,700 kwa reli mfululizo, ingawa kipande cha Congo bado kibovu. Na kwetu huku SGR inajengwa kwa kipimo cha milimita 1,435, TAZARA ni 1,067, reli ya zamani ya kati ni 1,000. Nchi moja, vipimo vitatu. Nani ameandika mahali fulani jinsi vitakavyokutana, na kwa gharama ya nani? Nikisoma mkataba nitajua kama kuna aliyelifikiria hilo au tumeachiana.

Tuna kitu kimoja ambacho Lobito haina, nacho ni bahari inayoelekea China. Kiasi kikubwa cha kobalti ya dunia husafishwa China, na meli inayotoka Dar es Salaam iko tayari kwenye Bahari ya Hindi. Kwa hiyo CCECC haijaja hapa kutuhurumia. Imekuja kwa sababu njia hii inakwenda kwao. Mwenye shida ya njia ni yeye pia. Tulipokaa naye mezani, tulilijua hilo? Tulilitumia? Je, tulidai kwamba kampuni nyingine, hata ya Mtanzania mwenye vichwa vitatu vya treni, iweze kulipia na kupita kwenye reli hiyo, au ni mwenye mkataba peke yake kwa miaka 27? Treni ya abiria, ambayo haina faida lakini ndiyo usafiri wa watu wa Mlimba na wa vijiji vya bonde la Kilombero wakati wa masika, imelindwa kwa kifungu au kwa ahadi ya mdomo? Karakana za Dar es Salaam na Mpika zitabaki na mafundi wetu?

Msiogope kwamba China itakasirika tukiuliza. Tazameni Congo. Mwaka 2008 ilisaini na makampuni ya China mkataba wa Sicomines: madini kwa barabara na hospitali. Februari 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha wa Congo ukachapisha ripoti ukasema, kwa uwazi kabisa, kwamba kati ya dola bilioni 3 za miundombinu zilizoahidiwa, zilizoonekana ni milioni 822. Kelele zikapigwa. Balozi wa China akapinga. Machi 2024 wakasaini masharti mapya, na miundombinu ikapandishwa hadi dola bilioni 7. Sisemi Wakongo wamekwisha kuneemeka. Barabara ni za kuhesabu zikijengwa. Nasema walisoma mkataba wao hadharani, wakabishana hadharani, na mwenzao akarudi mezani.

Na si Wachina tu. Februari 2025 Congo ikasimamisha kuuza nje kobalti, na Oktoba ikaweka viwango: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka, kisha tani 96,600 kwa mwaka kwa 2026 na 2027. Bei ikapanda duniani kote, kwa sababu zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inatoka kwenye ardhi hiyo. Hapa Tunduma tuliona upungufu wa malori yale, na yalituuma mfukoni, lakini nilikuwa nawapongeza kimoyomoyo. Halafu Desemba 2025 Rais Tshisekedi akaenda Washington, pamoja na mapatano yake na Rais Paul Kagame akasaini na Marekani ushirikiano wa kimkakati unaogusa madini na hata njia ya Lobito. Watu wa mashariki ya Congo, wanaosali kwa Kiswahili kwamba vita vikome, wana haki ya kuuliza ni madini gani yamewekwa rehani ya amani hiyo. Wakati sisi tunadai mkataba wetu na Wachina, wao na wadai wao na Wamarekani. Siwezi kuwa mkali kwa Beijing nikawa mpole kwa Washington. Hizi zote ni ofisi za watu wanaotafuta maslahi ya kwao, na hawajaficha.

Najua jibu la kawaida: mikataba ya biashara ina siri za kibiashara. Sawa. Faragheni bei ya vipuri, faragheni mishahara ya wataalamu wao. Lakini muda wa mkataba, dhamana ya mzigo, mgawanyo wa mapato, haki ya wengine kupita, mahali pa usuluhishi, namna ya kuvunja mkataba na gharama ya kuuvunja, nani anabeba madeni ya zamani ya TAZARA, nani anawajibika mazingira yakiharibika, hizo si siri za biashara. Hayo ni mambo ya wenye mali. Na swali la mazingira si la kubuni. Februari 2025 bwawa la taka za sumu la mgodi wa kampuni ya Kichina, Sino-Metals, lilipasuka karibu na Chambishi, tindikali ikaingia kwenye vijito vya mto Kafue, na jiji la Kitwe likafungiwa maji. Treni zitakazopita mbugani na kando ya mito yetu zitabeba tindikali ileile na salfa ileile. Nataka kujua behewa likianguka kwenye daraja nampigia nani simu, na kama akikataa namshitaki mahakama ipi, ya Kisutu au ya Beijing.

Tena mnao mfano wenu wenyewe. Mwaka 2023 makubaliano ya bandari ya Dar es Salaam na Dubai yalipofika bungeni, nchi nzima iliyasoma. Kulikuwa na matusi, ndiyo, na watu walivuka mipaka. Lakini mikataba ya utekelezaji iliyosainiwa Oktoba mwaka huo ilitaja miaka 30 na magati ya 4 mpaka 7, jambo ambalo makubaliano ya kwanza hayakulisema waziwazi. Aliyepiga kelele alisaidia, hata kama hamkupenda sauti yake. Mzigo wa TAZARA utaishia kwenye magati hayohayo. Itakuwa ajabu mlango wa bandari tuujue na njia ya kuufikia tusiijue.

Ninachoomba kinaweza kufanyika bila kumuudhi mtu. Mheshimiwa Waziri wa Tanzania, uwasilishe mkataba kwa Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Miundombinu, kisha uuweke kwenye tovuti ya wizara, kwa Kiingereza kilichosainiwa na kwa Kiswahili kinachosomeka. Mheshimiwa Waziri wa Zambia, ufanye vivyo hivyo kwa Bunge la Lusaka, siku moja na mwenzako, ili asiwepo wa kusema upande mmoja umevujisha. Kisha nyinyi wawili mumwite mwenzenu wa Congo, mkae watatu bila mgeni mezani, mkubaliane nauli ya tani moja kutoka Kolwezi kwenda kila bahari na nani anatengeneza kipande kipi. Angola mnaweza kuialika baadaye. Wakubwa wanakutana: Oktoba 2025 Donald Trump na Xi Jinping walikaa Busan wakapeana mwaka mmoja wa utulivu kwenye madini adimu na ushuru, na hawakutuuliza. Sioni kwa nini mawaziri watatu wanaopakana wasikutane Ndola.

Mkiutoa mkataba, mimi nitausoma kwanza sehemu ya dhamana ya mzigo, halafu nitawaandikia tena, kwa sifa au kwa maswali. Mkiamua kwamba haiwezekani, basi naomba jibu la maandishi linalosema ni kifungu gani kinachokataza usionyeshwe na nani aliomba kiwekwe. Hilo nalo litatosha kuanzia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wakala wa forodha,
Tunduma, Mkoa wa Songwe